Historia Iliyoandikwa Ardhini

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni neno hili: MAKAA. Wanafunzi, lisomeni kwa sauti. Vema.

Wengi wetu hudhani kwamba historia imo vitabuni tu. Leo tutasoma historia iliyoandikwa ardhini na watu ambao vitabu viliwataja kwa nadra.

Twende Marekani, kaskazini-magharibi ya jimbo la Connecticut, kwenye vilima vya Litchfield. Mgeni apitaye huko leo huona msitu mkubwa, akasema, "Msitu huu haujaguswa kamwe." Amekosea. Katika karne ya 19 sehemu kubwa ya miti ya huko ilikatwa.

Ilikatwa kwa nini? Katika nchi hiyo yalichimbwa mawe yenye chuma. Mwaka 1762 lilijengwa tanuri la kuyeyushia chuma huko Salisbury, na wakati wa vita vya kupigania uhuru wa Marekani, vilivyoanza mwaka 1775, mizinga ilitengenezwa hapo. Baadaye matanuri yakaongezeka. Moto wa kuni haukutosha kwa kazi hiyo. Yalitakiwa makaa, tena mengi sana.

Kazi ya wachoma makaa mtaifahamu upesi, kwa kuwa inafanana na ile ya kwetu. Walisawazisha mahali pa mviringo, penye upana wa meta 10 hivi. Kama ni mtelemko, walichimba upande wa juu na kujaza udongo upande wa chini. Kisha walisimamisha magogo, wakayafunika kwa majani na udongo, wakatia moto. Tanuri liliungua polepole kwa siku nyingi. Mchoma makaa alilala karibu, katika kibanda, maana upepo ukipenya, kuni zote huwa majivu, na jasho lake limepotea bure.

Hatimaye chuma cha bei nafuu kilitoka mahali pengine, kilikoyeyushwa kwa makaa ya mawe. Tanuri la mwisho la chuma katika vilima hivyo lilifungwa mwaka 1923. Wachoma makaa walikwenda zao, miti ikaota tena, na majani yakafunika kila kitu.

Basi, alama hizo zilionekanaje tena? Ndege hupita juu ikiwa na chombo kinachotupa chini mishale ya mwanga wa leza. Ukipiga kelele mbele ya jabali, mwangwi hurudi; jabali likiwa mbali, huchelewa. Chombo hicho nacho hupima muda ambao mwanga hutumia kwenda na kurudi, na hivyo umbali hujulikana.

Lakini miti haizuii? Kaa chini ya mwembe saa sita mchana. Utaona madoa ya jua ardhini, maana mwanga hupenya kati ya majani. Mishale mingine ya leza hupenya hivyo hivyo. Tena, miti mingi ya Connecticut hupukutisha majani wakati wa baridi, na wapimaji huchagua majira hayo. Kisha kompyuta huondoa vipimo vya miti, ikabakiza sura ya ardhi peke yake.

Mwaka 2014 wataalamu wawili, Katharine Johnson na William Ouimet, walieleza waliyoyaona katika picha hizo: kuta za mawe za mashamba na njia za zamani. Katika picha za namna hiyo huonekana pia miviringo ya matanuri ya makaa. Miviringo iliyokwisha kuhesabiwa katika vilima vya Litchfield ni zaidi ya 20,000.

Hata hivyo, picha peke yake si ushahidi kamili. Mviringo waweza kuwa kitu kingine. Lazima mtu aende kwa miguu na kuchimba kidogo. Akikuta udongo mweusi wenye vipande vya makaa, hapo anaweza kusema, "Ndipo."

Mizinga ilisifiwa, na wenye matanuri waliandikwa majina. Mchoma makaa aliacha duara la udongo mweusi. Leo duara hilo linamshuhudia kwamba alikuwapo na alifanya kazi.

Sasa jibuni maswali haya:

1. Makaa yalitakiwa kwa kazi gani?
2. Kwa nini mchoma makaa alilala karibu na tanuri?
3. Mwanga hufikaje ardhini penye miti?
4. Je, karibu na kwenu pana alama gani ya kazi ya zamani? Waulizeni wazee, kisha mwandike mistari mitano.

Kwaherini, wasikilizaji, hadi somo lijalo.