Sakafu ikititia, tatizo huwa chini ya zege

NYUMBA inapopata ufa katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, mara nyingi mwenye nyumba humwita fundi azibe kwa saruji. Mvua za msimu unaofuata zikinyesha, ufa hurudi palepale na fedha za ukarabati huwa zimepotea.

Zege huhimili mzigo mkubwa linapokandamizwa, lakini ni dhaifu linapopindwa. Udongo ukishuka na kuacha uwazi chini ya sakafu, zege hubaki likining'inia, kisha hupasuka na kutitia. Kuziba ufa kwa juu hakuondoi uwazi huo.

Ngara ni wilaya ya milima. Anayejenga kwenye mteremko hulazimika kuchimba upande wa juu na kujaza kifusi upande wa chini. Hivyo nusu ya nyumba hukaa juu ya ardhi ngumu na nusu nyingine juu ya kifusi, ambacho kisiposhindiliwa vema huendelea kushuka kwa miaka kadhaa. Mabondeni, penye udongo wa mfinyanzi mweusi, tatizo ni jingine: udongo huo huvimba wakati wa mvua za vuli na masika, kisha husinyaa kiangazi cha Juni hadi Agosti. Hatari huongezeka pale nyumba inapojengwa juu ya shimo la choo la zamani, kichuguu au shimo lililochimbwa udongo wa matofali.

Ukarabati huanza kwa kutafuta maji yanakotoka. Maji ya paa huelekezwa mbali na msingi kwa mifereji, na bomba linalovuja hutengenezwa. Baada ya hapo, ncha za ufa huwekewa alama na tarehe, kisha hufuatiliwa kwa msimu mzima wa mvua ili kujua kama ardhi bado inashuka.

Ardhi ikitulia, sakafu ndogo iliyovunjika huweza kubomolewa, kifusi kikaondolewa na kurudishwa moramu yenye unyevu wa kiasi, inayoshindiliwa kwa tabaka zisizozidi sentimeta 15. Sakafu ambayo bado ni nzima huweza kuinuliwa bila kubomolewa: hutobolewa matundu na kusukumiwa uji wa saruji kwa pampu. Njia hiyo ilianza kutumika nchini Marekani katika miaka ya 1930. Siku hizi hutumika pia povu la kemikali, ambalo hutanuka na kuwa gumu kwa dakika chache, ingawa gharama yake ni kubwa zaidi.

Msingi wa ukuta uliotitia hudai tahadhari zaidi. Huchimbwa chini yake kwa vipande vifupi vya takriban mita moja, visivyopakana, na kila kimoja hujazwa zege na kuachwa kikauke kabla ya kingine kuanza. Kuchimba ukuta mzima kwa mkupuo ni kuuangusha. Kazi hiyo inahitaji usimamizi wa mhandisi.

Kanuni hiyo hutumika hata barabarani. Wilaya hizo mbili hupitisha malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda na Burundi, kupitia Rusumo, ambako daraja jipya lilizinduliwa Aprili 6, 2016, na Kabanga. Tabaka la chini la barabara likiwa na mfinyanzi, wahandisi huweza kulichanganya na chokaa. Penye mchanga zaidi hutumia saruji. Hata hivyo, mfereji ukiziba, maji hupenya na lami hudidimia.

Kagera ina sababu ya ziada ya kutopuuza msingi. Tetemeko la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu zaidi ya 15 mkoani humo na kubomoa nyumba nyingi. Ukuta uliokwisha kupasuka kwa sababu ya ardhi kutitia huwa na nguvu ndogo ya kustahimili mtikisiko, hata kama ufa wake umezibwa na kupakwa rangi.