Nyayo za Mwana wa Fundi Viatu

Mwezi wa Machi 1850, meli ya matanga iitwayo Marmion ilifika New York ikitokea Liverpool. Nahodha alikabidhi forodhani orodha ya abiria, kama ilivyotakiwa na sheria ya Marekani ya 1819: jina, umri, jinsia, kazi, na nchi anakotoka kila mmoja. Miongoni mwa majina hayo lilikuwamo la kijana wa miaka 19, Falmouth Kearney, wa Ayalandi. Basi. Orodha haikuuliza kijiji, haikuuliza baba ni nani, wala nini kimemtoa kijana kwao. Ellis Island haikuwapo bado, na hata lango la Castle Garden lilifunguliwa mwaka 1855. Abiria walishuka gatini na mizigo yao wakapokewa na matapeli wa nyumba za kulala wageni, na aliyenusurika alishika njia ya bara.

Falmouth alizaa binti, Mary Ann. Mjukuu wake ni Ralph Dunham, kitukuu chake Stanley, kilembwe chake Ann. Na kilembwekeza? Barack Obama. Hapo Mwingereza hulazimika kurudia neno lake moja, “great”, mara tatu, kama mwenye kigugumizi. Sisi tunashuka ngazi moja baada ya nyingine, kila ngazi na jina lake.

Huku kwetu kilembwekeza huyo tulimjua kwa upande mmoja tu. Aliposhinda uchaguzi Novemba 2008, Kenya ilitangaza siku ya mapumziko, na kamera za dunia zikajaa Kogelo, Siaya, kwenye boma la bibi yake, Mama Sarah. Asili yake tulikwisha kuipata, na ilikuwa yetu. Upande wa mama tuliuita kwa neno moja, wazungu, kana kwamba mzungu hana kwao. Nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka nilipoanza kuifuata njia ya Kearney, kwa ramani, kwa tarehe, na kwa kazi ya waliotangulia.

Aliyetangulia hasa ni Megan Smolenyak, mtafiti wa nasaba wa Marekani. Kanuni ya kazi yake ni rahisi kuitaja na ngumu kuitii: anza na aliye karibu, rudi nyuma hatua kwa hatua, usiruke bahari. Wengi huanza na ndoto. Mtu amesikia kwamba babu yake alikuwa mwana wa chifu, basi humtafuta chifu kwanza, na akimtafuta sana humpata, awe wake asiwe wake. Smolenyak alianza upande wa Marekani. Ann alizaliwa Wichita, Kansas, mwaka 1942. Baba yake, Stanley, alizaliwa huko huko mwaka 1918. Ralph alizaliwa Argonia, mji mdogo wa Kansas, mwaka 1894. Mama wa Ralph ni Mary Ann Kearney, na ukimfuata Mary Ann unatoka Kansas kurudi mashariki, Indiana, wilaya ya Tipton, kwenye shamba la baba yake. Ukizidi kumfuata baba unafika Ohio, ambako mwaka 1852 alimwoa Charlotte Holloway. Kisha unafika gatini New York, kwenye ile orodha.

Sensa ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya safari hii. Hadi mwaka 1840, sensa ya Marekani iliandika jina la mwenye nyumba peke yake na wengine wakawa tarakimu. Kuanzia 1850, mwaka ule ule wa Falmouth, kila mtu huru aliandikwa kwa jina. Neno “huru” lisimpite msomaji. Watumwa waliorodheshwa kwenye karatasi nyingine, umri na jinsia chini ya jina la bwana wao, na majina yao hayakuandikwa. Ndiyo maana Mmarekani mweusi anayetafuta wazee wake hufika mwaka 1870, sensa ya kwanza baada ya utumwa, akakuta ukuta. Mwana wa fundi viatu aliyeshuka juzi kutoka Ayalandi aliacha wino mwingi kuliko ukoo mzima wa watu waliolima Virginia kwa miaka 200. Rais huyu, kwa upande wake wa weupe, alikuwa na bahati ya karatasi.

Lakini hata karatasi za Marekani zina mpaka wake. Ukifuatilia mhamiaji wa Ayalandi, kila karani ameandika neno moja: Ayalandi. Cheti, sensa, orodha ya meli, zote zinaimba hivyo. Kumtafuta Kearney katika nchi nzima ni sawa na kuambiwa “anatoka Tanganyika” ukatumwa ukamtafute Juma. Lazima upate kijiji.

Na ukikipata, historia inakusubiri mlangoni na kiberiti. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, ofisi ya nyaraka za taifa iliyokuwa Four Courts, Dublin, ililipuka ikateketea. Sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851 ziliungua karibu zote. Sensa za 1861 na 1871 serikali ilikwisha kuzitupa yenyewe, na zile za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Sensa kamili ya kale kabisa iliyobaki ni ya 1901, na kufikia hapo Falmouth alikuwa kaburini Indiana miaka 23.

Katika moto ule yaliungua pia zaidi ya nusu ya madaftari ya Kanisa la Ayalandi, lile la Kianglikana. Miaka ya 1870 sheria iliagiza parokia zipeleke madaftari ya ubatizo, ndoa na mazishi Dublin yakahifadhiwe, isipokuwa zile zenye mahali salama pa kuyatunza. Waliotii waliyapoteza yote. Waliobaki na vitabu vyao nyumbani, kwa ruhusa au kwa uzembe, ndio ambao wajukuu wao leo wana majina. Mimi niliyekulia katika nyumba yenye sanduku la bati lisiloruhusiwa kuguswa na mtu, sheria hiyo imenichekesha na kunisikitisha kwa pamoja.

Kijiji cha Falmouth kilikuwa Moneygall, barabara moja na watu wapatao 300, kwenye mpaka wa Offaly na Tipperary. Enzi zake Offaly iliitwa King's County. Mwaka 2007 Smolenyak aliwasiliana na kasisi wa Kianglikana wa eneo hilo, Stephen Neill, akamwomba apekue vitabu vya kale vya parokia. Vitabu vilikuwa bado huko huko, havikuwa vimekwenda Dublin kuungua. Na Kearney walikuwamo: Joseph, fundi viatu, baba wa Falmouth, na wengine wa ukoo huo kabla yake.

Hapa hadithi inakataa kukaa kwenye chungu tulichokwisha kukiandaa. Ukisikia Muayalandi wa 1850, moja kwa moja unaona njaa. Ugonjwa wa viazi uliingia mwaka 1845, na katika miaka kama saba watu wapatao milioni moja walikufa na zaidi ya milioni moja wakahama. Nchi iliyohesabu watu zaidi ya milioni 8 mwaka 1841 ilibaki na milioni 6 na nusu hivi miaka 10 baadaye. Wengi wa waliokufa walikuwa Wakatoliki maskini, wapangaji wa vishamba visivyozidi ekari chache, ambao kiazi kilikuwa chakula chao cha asubuhi, mchana na jioni. Kearney hawakuwa watu hao. Walikuwa Waprotestanti wenye ufundi. Mmoja wa ukoo wao, Michael, alitengeneza mawigi Dublin katika karne ya 18, biashara nono wakati kila mheshimiwa alivaa nywele za mwenzake, mpaka fasheni ilipogeuka. Mwingine, John Kearney, aliongoza chuo cha Trinity na kufa akiwa askofu wa Ossory.

Kilichoivuta familia Marekani kilikuwa wosia. Francis, ndugu yake Joseph, alikuwa Ohio siku nyingi, akafa akimwachia Joseph ardhi katika wilaya ya Ross. Joseph akatangulia mwaka 1849, na mwaka uliofuata akafuata Falmouth. Hata hivyo nisingeiondoa njaa kabisa katika habari hii. Fundi viatu huishi kwa miguu ya wengine, na katika nchi ambamo watu waliuza nguo zao mwilini wapate unga, nani angeagiza jozi mpya? Ardhi ya Ohio iliita, na Moneygall haikuwa na cha kumzuia mtu.

Tahadhari moja, kwa sababu kazi hii ina mitego. Tarehe 1 Januari 1892 Ellis Island ilipofunguliwa, wa kwanza kupita alikuwa msichana wa Ayalandi, Annie Moore, akapewa zawadi ya sarafu ya dhahabu ya dola 10. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba alikwenda Texas akafa huko kwa kugongwa na tramu. Hadithi tamu: msichana, magharibi, ajali. Jamaa za marehemu wa Texas walialikwa kwenye sherehe. Kisha mwaka 2006, Smolenyak huyu huyu alionyesha kwamba Annie wa Texas alizaliwa Illinois, Marekani kwenyewe. Annie wa kweli hakuondoka New York. Aliolewa na mtu aliyefanya kazi katika soko la samaki, akazaa watoto wengi na kuzika zaidi ya nusu yao, akafa mwaka 1924. Kaburi lake huko Queens halikuwa na jiwe mpaka 2008. Hakuna aliyedanganya. Watu walipenda tu Annie yule kuliko huyu.

Turudi kwa Kearney. Mwezi wa Mei 2011 rais alikwenda Moneygall, akanywa bia nyeusi katika baa ya kijiji na kumkumbatia kila aliyejiita binamu. Jioni, Dublin, aliutania umati kwamba amekuja kutafuta ritifaa iliyodondoka kwenye jina lake. Mzaha huo una kina kwetu kuliko kwao. Ó ya Kiayalandi, ile ya O'Brien na O'Neill, maana yake ni mjukuu. Nayo O ya Kijaluo ndiyo inayofungua majina ya wanaume: Onyango, Opiyo, Obama. Sadfa tupu, na mtaalamu wa lugha atanikemea kwa kuziweka pamoja. Nimeziweka.

Tarehe yenyewe ilikuwa 23 Mei. Siku 26 tu kabla yake, tarehe 27 Aprili, mtu huyo huyo alilazimika kutoa hadharani cheti chake kirefu cha kuzaliwa Honolulu, kwa kuwa Wamarekani wasiohesabika walikuwa wameshikilia kwamba alizaliwa Kenya. Cheti cha serikali, chenye saini ya daktari, baadhi yao hawakukisadiki. Daftari la kasisi wa kijijini, la zaidi ya karne moja na nusu, hakuna aliyelihoji. Moneygall ilisherehekea, na miaka mitatu baadaye kikajengwa kando ya barabara kuu kituo cha mafuta chenye jina lake, Barack Obama Plaza, ambapo dereva wa Limerick hujaza dizeli, hula chipsi, na akipenda hupanda ghorofani kutazama maonyesho ya mababu. Kogelo walikwisha kuipa shule jina lake. Kila ukoo humdai mwana kwa alichonacho.

Nasaba ya Kogelo haikuhitaji daftari. Katika kitabu chake cha 1995 Obama anaeleza alivyoketi chini ya mwembe bibi yake akimtajia wazee kwa zamu, fulani alimzaa fulani, vizazi na vizazi, bila kuangalia popote. Falmouth alihitaji makarani wa nchi mbili, wino wa kanisa na mtafiti wa kulipwa ili afike alikofikishwa Opiyo, mmoja wa wazee hao wa Kogelo, kwa pumzi moja. Ningependa kuishia hapo na kuwapa ushindi mabibi. Lakini bibi huyo huyo akaleta kijitabu cha rangi ya kutu.

Kilikuwa cha Hussein Onyango, mumewe, babu wa rais, mpishi wa wazungu. Serikali ya kikoloni iliwataka watumishi wa nyumbani wawe nacho, kwa sheria ya 1928. Ndani yake kuna alama za vidole, kabila, kimo, rangi, umbo la pua, na maoni ya mabwana waliomwajiri. Mmoja anamsifu kwamba anasoma Kiingereza na keki zake ni bora. Mwingine anaandika kuwa baada ya wiki moja ameonekana hafai, hastahili shilingi 60 kwa mwezi. Masimulizi ya ukoo yalimjua Onyango kama mtu mkali, safi, asiyepinda, ambaye watoto walimkimbia. Hayakuwa yamesema lolote juu ya shilingi 60.

Na mahali pa kuandika meno, karani aliandika kwamba sita hayapo. Hilo hakuna mwimba nasaba angelikumbuka, na ndilo lililonifanya nimwone mzee yule amesimama mbele ya meza, ameambiwa afungue kinywa. Forodhani New York, Machi 1850, Falmouth Kearney aliulizwa umri, kazi na nchi yake. Meno, hakuulizwa.