Nyota wa Hollywood kwenye maji ya Lualaba

Maji ya mto Luama hayakai Kabambare. Yanashuka hadi kuingia Lualaba, yanapita upande wa Kasongo, yanapita Kindu, na mwishowe yanafika Ubundu, pale ambapo meli husimama kwa sababu ya maporomoko na reli ya kwenda Kisangani huanza. Wakati wa Wabelgiji Ubundu iliitwa Ponthierville, na Kisangani iliitwa Stanleyville. Karibu na hapo kuna mto mdogo wenye maji meusi, unaitwa Ruiki. Mwaka 1951 kwenye mto huo walifika watu wawili ambao sura zao zilijulikana karibu dunia nzima: Humphrey Bogart na Katharine Hepburn.

Walikuja kucheza filamu ya The African Queen. Mwongozaji alikuwa John Huston, mtu wa kupenda uwindaji, ambaye hakutaka Afrika ya kuchorwa kwenye mbao za studio. Alitaka msitu wenyewe na mto wenyewe. Pamoja nao alikuja Lauren Bacall, mke wa Bogart. Yeye pia alikuwa nyota mkubwa, lakini katika filamu hiyo hakuwa na sehemu. Alimfuata mume wake, na huko porini akajikuta anasaidia mambo ya chakula cha kambi.

Kambi ilijengwa Biondo, nyumba za mianzi na majani. Mkaaji yeyote wa Maniema anaweza kukisia yaliyofuata: mvua, joto, mbu, na usiku mmoja siafu wakaingia. Kamera za rangi za wakati ule zilikuwa mizigo mizito kweli, na haikuwezekana kuziweka zote kwenye boti dogo. Basi walitengeneza vyelezo vikavutwa mtoni kama treni: kimoja cha kamera, kingine cha mashine ya umeme na taa, na kimoja cha Bi Hepburn kubadilishia nguo, chenye kioo chake kirefu. Hicho cha mwisho hakikudumu, kwa kuwa msafara ulikuwa mrefu kupita kiasi na mto una kona nyingi. Siku moja boti lenyewe lilizama, ikabidi livutwe kutoka chini kwa nguvu za watu.

Nguvu za watu gani? Hapo ndipo habari inapopungua. Hepburn aliandika kitabu kizima juu ya safari hiyo, kilichotoka mwaka 1987, na wapenzi wa sinema Ulaya na Marekani bado wanasimuliana jinsi yeye alivyougua kwa kunywa maji huku Bogart na Huston wakijisifu kwamba whisky ndiyo iliyowalinda. Ni kisa cha kuchekesha. Lakini waliokata miti, waliojenga nyumba, waliobeba masanduku na kuvuta kamba mtoni walikuwa Wakongo, na mwishoni mwa filamu majina yao hayaandikwi. Bogart alipata Oscar ya mchezaji bora kwa kazi hiyo, na ndiyo Oscar pekee aliyopata maishani mwake.

Kuna jambo lingine ambalo wapenzi wengi wa filamu hiyo hawalijui, nalo linawagusa watu wa upande huu zaidi kuliko wa Hollywood. Kisa cha The African Queen kilitoka kwenye kitabu cha Mwingereza C. S. Forester, cha mwaka 1935. Ndani yake fundi mlevi na dada wa mmisionari wanashuka mto kwa boti bovu ili kuzamisha meli ya vita ya Wajerumani iliyotawala ziwa. Mto ule ni wa kubuni, lakini meli ina asili ya kweli. Ziwa ni Tanganyika, na meli iliyompa mwandishi wazo iliitwa Graf von Götzen.

Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakaipakia katika masanduku 5,000, wakaileta Dar es Salaam na kisha Kigoma kwa treni. Ilishushwa majini mwaka 1915. Waingereza nao walileta maboti mawili madogo, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town. Yalifika Katanga kwa reli, halafu yakakokotwa kwa mashine za mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, kwenye njia iliyofyekwa na wafanyakazi weusi. Kisha yaliteremshwa kwenye Lualaba huko Bukama, yakaenda hadi Kabalo, na kutoka hapo reli ikayafikisha ziwani, mahali panapoitwa leo Kalemie. Kwa hiyo vita ile ya ziwa, kabla Hollywood haijaijua, ilikuwa imekwisha kupita kwenye Lualaba.

Katika filamu meli ya Wajerumani inalipuliwa na shujaa Bogart pamoja na mchumba wake. Katika historia hakuna mzungu yeyote aliyeizamisha kwa ushujaa. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 walipoona wameshindwa, na kabla ya hapo wakapaka mashine zake mafuta mazito ili zisiharibike. Mwaka 1924 Waingereza waliinyanyua. Mwaka 1927 ilirudi kazini na jina jipya: Liemba.

Jina hilo familia nyingi zinalijua bila kuhitaji sinema. Mwaka 1997, baada ya vita vilivyomwondoa Mobutu, Umoja wa Mataifa ulitumia Liemba kuwarudisha nyumbani wakimbizi wa Kongo kutoka Kigoma, zaidi ya watu 75,000. Mei 2015 iliwabeba pia wakimbizi wa Burundi waliorundikana Kagunga. Mama aliyekaa kwenye sakafu ya chuma ya meli ile, mtoto mgongoni na sufuria mapajani, alikuwa ndani ya meli iliyozaa hadithi ya Bogart. Wapenzi wa filamu wanaolipa pesa nyingi kununua bango la zamani la The African Queen hawajui kwamba wakimbizi wa Kongo waliisafiria meli ya kweli.

Kabambare yenyewe iliguswa na Hollywood mapema zaidi, ingawa si kwa jina. Mwaka 1939 ilitoka filamu ya Stanley and Livingstone. Spencer Tracy alicheza Stanley, Mwingereza Cedric Hardwicke akacheza Livingstone. Tracy alipendwa sana, na baadaye akawa mwenzi wa maisha wa Hepburn yuleyule wa Ruiki. Lakini tofauti na yeye, Tracy hakuja Afrika kwa filamu hiyo. Picha za mbuga zilipigwa huku Afrika ya Mashariki na kikundi kingine, na yeye akazungumza maneno yake Marekani.

Livingstone wa kweli alikaa miezi mingi mahali alipopaandika Bambarre, ndiyo Kabambare. Mwaka 1870 vidonda vya miguu vilimzuia kutembea, akangoja dawa na watu kutoka Ujiji. Alipopata nafuu alikwenda Nyangwe, na huko, tarehe 15 Julai 1871, aliona watu wa wafanyabiashara ya watumwa wakifyatulia risasi soko lililojaa wanawake. Wengi walikufa kwa risasi, wengi wakafa maji katika Lualaba. Aliacha safari yake, akarudi kwa njia ya Kabambare hadi Ujiji, na hapo Stanley akamkuta mwishoni mwa mwaka huo. Sinema hupenda kile kitendo cha wazungu wawili kuvuliana kofia. Lakini aliyetaka kujua kwa nini mzee yule alikuwa amevunjika moyo siku ile ya Ujiji ilimpasa kuanza na soko la Nyangwe.

Je, Wakongo wa wakati ule waliwapenda nyota hawa? Waliwapenda sana, ingawa hawakuruhusiwa kuwaona wote. Serikali ya Wabelgiji iliweka tume za kuchagua filamu ambazo mtu mweusi angeweza kuonyeshwa. Sinema za wazungu zilikuwa mbali na za weusi. Ilisemwa kwamba Mkongo hawezi kutofautisha picha na ukweli, kwa hiyo mabusu na mambo ya aibu kwa wazungu yalikatwa. Mapadri na makampuni, kama Union Minière huko Katanga, ndio waliozungusha mashine na kitambaa cheupe, mara nyingi uwanjani usiku. Kichekesho ni kwamba farasi na bastola vilipita. Wakubwa waliona filamu za kauboi ni mchezo tu wa watoto.

Hilo lilikuwa kosa lao. Huko Kinshasa, wakati huo Léopoldville, kuelekea miaka ya 1950 vijana wa mitaa ya weusi walianza kujiita Bill, kwa ajili ya Buffalo Bill. Walimpenda Gary Cooper kwa mwendo wake, maneno yake machache na mkono wake kiunoni. Walivaa suruali ya jeans na kitambaa shingoni, wakaupa mtaa jina la Texas, na wakatunga lugha yao, Hindubill, iliyochanganya Lingala na maneno ya Kifaransa, Kiingereza na mengine. Mwanahistoria Didier Gondola ameandika kitabu juu yao, Tropical Cowboys, kilichotoka mwaka 2016. Hafichi ubaya wao: ngumi, bangi, na wasichana walioteswa. Lakini anaonyesha pia kwamba kijana ambaye polisi alimwita boyi hata akiwa na ndevu alipata kwenye kitambaa kile mfano wa mtu asiyeinamisha kichwa. Tarehe 4 Januari 1959 Léopoldville ilipowaka moto dhidi ya ukoloni, Bill walikuwemo barabarani.

Ajabu moja inabaki. Katika filamu zile kauboi anawafukuza wenyeji kutoka kwenye ardhi yao, na vijana wa nchi iliyotawaliwa walimpigia makofi kauboi. Ni rahisi kuwacheka leo. Hata hivyo aliyetengeneza picha ndiye aliyempa mmoja jina, uso na farasi, na mwingine akampa vumbi tu. Mtazamaji humfuata mwenye uso. Hata Copperbelt, upande wa Zambia, mtafiti Hortense Powdermaker alikuta katika miaka ya 1953 na 1954 kwamba wachimba madini walimwita kila kauboi Jack, yeyote aliyecheza, na walimshangilia vilevile.

Fred Zinnemann, aliyemwongoza Gary Cooper katika High Noon ya mwaka 1952, alikuja mwenyewe Stanleyville mwaka 1958 kupiga filamu ya The Nun's Story. Alikuja na Audrey Hepburn. Watu huwachanganya: Audrey na Katharine hawakuwa ndugu, jina tu liliwakutanisha, na mto mmoja. Audrey alicheza mtawa Mbelgiji muuguzi aliyefanya kazi Kongo, kisa kilichotokana na maisha ya Marie-Louise Habets. Sehemu zilipigwa hata Yakusu, kwenye kituo cha wagonjwa wa ukoma. Filamu ilitoka mwaka 1959, ikatajwa kwa Oscar 8, haikupata hata moja. Mwaka uliofuata Kongo ilikuwa huru.

Audrey Hepburn aliacha sinema karibu kabisa alipozeeka, akawa balozi wa UNICEF. Alikwenda kwenye njaa ya Ethiopia na Somalia, akafariki Januari 1993. Mtoto aliyelala chini ya turubai lenye herufi hizo za buluu hana habari na filamu zake, wala hazihitaji.

Boti la The African Queen bado lipo. Liko Key Largo, Florida, limetengenezwa upya, na watalii wanalipa ili wazungushwe nalo kwenye mfereji wakikaa alipokaa Bogart. Liliundwa Uingereza mwaka 1912 na lilifanya kazi Ziwa Albert miaka mingi kabla ya Hollywood kulikodi. Wakati huo jina lake lilikuwa Livingstone.