Rubani Tom Campbell Black na Anga ya Nchi za Ziwa

Tarehe 28 Februari, 1931, mifuko ya barua iliondoka London kwa njia ya anga, na mwisho wa safari yake ulikuwa Mwanza. Kampuni ya Imperial Airways ilikusudia kufika Cape Town, lakini ilikuwa bado haijavuka kusini ya Ziwa. Basi kwa muda usiotimia mwaka mmoja mji huo wa nchi ya Wasukuma ukawa kikomo cha njia ya anga itokayo Uingereza. Reli ya Tabora, ipitayo Shinyanga, ilikuwa imefika Mwanza tangu mwaka wa 1928. Barua ya Shinyanga, ambayo zamani ililazimika kuteremka pwani ikangojee meli, sasa iliweza kupanda kaskazini kwa gari la moshi na kurushwa angani. Ni kweli kwamba waliofaidiwa walikuwa wachache: watumishi wa serikali, wafanya biashara wa pamba, na watafutaji wa dhahabu ya Geita. Mkulima wa pamba mwenyewe hakuwa na mtu wa kumwandikia huko London.

Miongoni mwa marubani walioizoeza Afrika ya Mashariki kuitegemea eropleni, wa kukumbukwa mbele ni Tom Campbell Black. Alizaliwa Brighton, Uingereza, mwaka wa 1899. Katika Vita Kuu ya Kwanza, akiwa bado kijana, aliingia katika kikosi cha ndege cha jeshi la wanamaji, kisha katika jeshi jipya la anga. Kikosi hicho cha wanamaji hakikuwa kigeni kwa Tanganyika. Mwaka wa 1915, kabla Black hajavaa sare yake, ndege zake zilivuka kutoka kisiwa cha Mafia hata maingilio ya mto Rufiji, zikawaongoza wapiga mizinga kuielekea manowari ya Kijerumani Königsberg, ambayo iliangamizwa tarehe 11 Julai. Kwa hiyo eropleni ilijulikana katika nchi hii kwanza kama chombo cha mauaji. Na wakati huo huo mizigo ya vita ilikuwa ikichukuliwa vichwani na wapagazi kwa mamia ya maelfu, Wasukuma na Wanyamwezi wakiwa wengi kati yao, na wengi hawakurudi makwao.

Vita vilipokwisha, Black alikwenda Kenya kulima, lakini jembe halikumtoa anga moyoni. Yeye na wenzake waliinunua ndege moja ndogo iitwayo Miss Kenya, ambayo ilikuwa imeletwa nchini na mlowezi John Carberry. Mwaka wa 1929 bibi mmoja mjane, Florence Kerr Wilson, alitoa fedha zake, na Black akatoa ujuzi wake. Ikazaliwa Wilson Airways ya Nairobi, nayo ilianza na ndege moja ya aina ya Gipsy Moth. Black alikuwa meneja na rubani mkuu. Kazi hiyo ilitaka subira kuliko ushujaa: kuchukua wasafiri, wagonjwa na barua juu ya nyika zisizo na alama, na kutua katika viwanja vilivyofyekwa kwa panga na majembe ya wenyeji. Historia za urubani hutaja majina ya marubani na namba za ndege. Majina ya wafyekaji hawakuyaandika. Hesabu ya namna hiyo haina uadilifu.

Mwaka wa 1931 likatokea jambo ambalo pengine lafaa kuwekwa juu ya sifa zake zote. Ernst Udet, rubani Mjerumani aliyeangusha ndege 62 katika Vita Kuu, alikuwa amekuja Afrika ya Mashariki kupiga picha za sinema. Alipokuwa akirudi kwao alikwama pamoja na fundi wake katika mabwawa ya Naili, Sudani, na maji ya kunywa yakawa yanawaishia. Black akamtafuta kwa ndege mpaka akamwona, akamwokoa. Miaka 13 nyuma kila mmoja wao angalipata nishani kwa kumwua mwenziwe.

Mwaka wa 1932 Black aliiacha kampuni, akawa rubani wa Lord Furness. Alikuwa amekwisha mfundisha urubani Beryl Markham, ambaye alikuzwa Kenya. Umaarufu ulimjia Black Oktoba 1934, yeye na C. W. A. Scott waliposhinda mashindano ya kutoka Uingereza mpaka Melbourne. Ndege yao, Grosvenor House, ilitumia saa 71 kasoro dakika chache, ingawa tangu bahari ya Timor mtambo mmoja ulikuwa ukiwasumbua. Wa pili walikuwa Waholanzi wa KLM katika ndege ya abiria, na huenda ushindi wao wa pili ulikuwa na maana zaidi kuliko ule wa kwanza. Mwaka uliofuata alijaribu kuvunja rekodi ya Cape Town. Ndege ikaharibika juu ya Sudani, naye na mwenziwe wakaruka kwa miavuli.

Mapema Septemba 1936 Beryl Markham alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza mpaka Nova Scotia. Majuma mawili baadaye, tarehe 19, mwalimu wake alikuwa katika uwanja wa Speke, Liverpool, akitayarisha ndege yake kwa mashindano ya Johannesburg. Ndege ya jeshi la anga, jeshi lile lile alilolitumikia, ikaja ikaigonga yake ikiwa ardhini, na pangaboi likamjeruhi vibaya. Alikufa siku hiyo, umri wake miaka 36. Mashindano hayo alishinda Scott, pamoja na Giles Guthrie.

Vita vya pili vilipoanza mwaka wa 1939, ndege za Wilson Airways zilitwaliwa kwa kazi ya kijeshi, na kampuni haikufufuka. Uwanja wake wa Nairobi huitwa Wilson, kwa heshima ya yule bibi. Miss Kenya na Grosvenor House zimehifadhiwa pamoja huko Old Warden, Uingereza, nazo zingali zikiweza kuruka.