Bunduki Ijijazayo Yenyewe na Matunzo Yake

Wazee wetu wengi waliijua gobori. Mwenye gobori alipokwisha kupiga mara moja, ilimbidi asimame, amimine baruti mtutuni, atie kitambaa au makumbi, ashindilie, atie marisawa, ashindilie tena, aweke fataki, ndipo awe tayari kupiga mara ya pili. Na kanga hawangoji. Leo twataka kusimulia habari za bunduki iliyo mbali sana na hiyo, nayo ni bunduki ya marisawa ijijazayo yenyewe. Kila kifyatuo kivutwapo risasi moja hulia, ganda tupu hutupwa nje, na risasi nyingine huingia mahali pake bila ya kuguswa na mkono wa mtu.

Siku hizi bunduki nyingi za namna hii huundwa Uturuki na kuuzwa Marekani kwa bei ambayo mkulima au fundi wa kawaida wa huko aweza kuimudu. Watu wengi hudhani kwamba bunduki ya kigeni ya bei nafuu ni jambo jipya katika nchi ile. Sivyo. Bunduki ya kwanza ya namna hii iliyofanikiwa ilifika Marekani kwa meli kutoka Ubelgiji, ingawa aliyeibuni alikuwa Mmarekani. Na yale yanayomsumbua mwenye bunduki ya Kituruki leo yalimsumbua pia mwenye ile ya kwanza, zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Mbuni huyo aliitwa John Moses Browning. Alizaliwa mwaka 1855 katika mji wa Ogden, jimbo la Utah, naye alikulia katika karakana ya baba yake aliyekuwa fundi wa bunduki. Mwaka 1879 alipata hati ya haki ya uvumbuzi wake wa kwanza, na mwaka 1883 kampuni ya Winchester ikaununua. Tangu hapo, kwa muda wa karibu miaka 20, Browning alibuni na Winchester ikanunua. Desturi yao ilikuwa moja: kampuni ililipa fedha mara moja, na faida yote ya baadaye ikawa yake.

Yafaa sasa tueleze jinsi bunduki yake ya kujijaza ilivyofanya kazi, maana asiyejua hilo hawezi kufahamu habari ya matunzo. Kila bunduki iliapo hupiga teke. Nguvu ile ile ipelekayo marisawa mbele humsukuma mpigaji begani. Watu waliliona teke hilo kuwa ni maumivu tu. Browning aliliona kuwa ni nguvu inayopotea bure. Katika bunduki yake mtutu haukukazwa, bali uliweza kuteleza. Risasi ilipolia, mtutu na komeo lililoufunga kwa nyuma vilirudi pamoja vikiwa vimeshikamana, mwendo mrefu kuliko urefu wa risasi yenyewe. Kisha komeo lilizuiwa nyuma, na mtutu ukarudi mbele peke yake kwa nguvu ya springi kubwa iliyozunguka bomba la risasi. Ganda tupu likabaki limeshikwa na komeo, likatupwa nje. Hapo komeo likaachiliwa, likaja mbele na risasi mpya, likaifungia mtutuni. Yote hayo yalikuwa kufumba na kufumbua.

Hati ya haki ya uvumbuzi huo ilitolewa Oktoba 1900. Safari hii Browning hakutaka kuuza kwa fedha za mara moja. Alitaka fungu lake katika kila bunduki itakayouzwa. T. G. Bennett, mkuu wa Winchester, akakataa. Twaweza kumwelewa. Kampuni yake ilikuwa ikiuza vizuri bunduki ya kukokwa kwa mkono ya mwaka 1897, ambayo nayo ilikuwa kazi ya Browning, na bila shaka hakuona sababu ya kulipa zaidi kwa kitu kitakachoiondoa sokoni. Lakini hesabu hiyo ilimgharimu sana, kama tutakavyoona. Browning aliichukua bunduki yake akaondoka.

Mwezi wa Januari 1902 alikwenda kwa kampuni ya Remington. Alipokuwa ofisini akingoja kuonana na mkuu wake, Marcellus Hartley, aliletewa habari kwamba Hartley amefariki ghafula siku ile ile. Basi Browning akapanda meli kwenda Ubelgiji, kwenye kiwanda cha Fabrique Nationale cha Herstal, karibu na mji wa Liège. Kiwanda hicho kilimjua, maana tangu mwaka 1899 kilikuwa kikiunda bastola alizozibuni. Wakapatana, na Browning mwenyewe akaagiza bunduki 10,000 ziuzwe Marekani. Hivyo ndivyo Wamarekani walivyonunua akili ya mtu wao kutoka ng'ambo. Baadaye ushuru wa forodha uliwatia shida, na Wabelgiji wakakubali Remington nayo iiunde kwa ajili ya soko la Marekani. Remington ilianza mwaka 1905.

Sasa tuje kwenye pete, maana hapo ndipo mwenye bunduki alipotakiwa kutumia akili yake. Risasi za marisawa hazina nguvu sawa. Za kupigia ndege wadogo zina baruti kidogo na marisawa machache, na za kupigia mabata ya mwitu au mabata bukini zina nguvu nyingi. Bunduki iliyopangwa kwa risasi nzito haitarudi nyuma vya kutosha ipigapo risasi nyepesi, na ganda tupu litakwama. Iliyopangwa kwa nyepesi, ikipewa nzito, mtutu utarudi kwa kishindo na kuupiga mwili wa bunduki kama nyundo. Browning aliweka pete mbili kwenye bomba la risasi. Moja ilikuwa ya shaba, iliyopasuliwa ili iweze kubana bomba kama breki. Ya pili ilikuwa ya chuma, yenye ukingo ulioinama kwa ndani. Kwa risasi nzito pete ya chuma iliwekwa mbele ya springi, ukingo wake ukiielekea pete ya shaba, nayo ikaikaza ibane zaidi. Kwa risasi nyepesi ilitolewa hapo na kuwekwa nyuma ya springi, mahali isipoikaza pete ya shaba.

Kazi yenyewe ni ya dakika chache, haihitaji fundi wala chombo chochote. Hata hivyo bunduki nyingi za Browning zilipasuka mti wa mbele kwa sababu mwenyewe hakuijali pete, au aliinunua kwa mtu asiyejua habari zake. Mafuta nayo yalikuwa na kipimo chake. Bomba likipakwa mengi, pete huteleza na teke huwa kali. Likiachwa kavu na lenye kutu, mtutu hukwama. Kitambaa chenye mafuta kidogo chatosha. Twaona ni ajabu kidogo kwamba chombo kilichosifiwa kwa kumpunguzia mtu kazi kilimtaka ajue mambo mengi kuliko bunduki ya zamani ya mitutu miwili, ambayo hufunguliwa, hujazwa, hufungwa, basi.

Winchester haikukaa kimya. Ilimpa mbuni wake, T. C. Johnson, kazi ya kuunda bunduki ya kujijaza isiyogusa haki za Browning. Ilikuwa kazi ngumu, kwa kuwa wanasheria wa Winchester wenyewe ndio waliokuwa wameiandika ile hati ya Browning, nao waliziba kila njia. Hata kile kipini kidogo cha kuvutia komeo kilikuwa ndani ya hati. Bunduki ya Johnson ilitoka mwaka 1911 bila ya kipini. Aliyetaka kuifungua ilimpasa kuushika mtutu wenyewe, uliochorwa mistari ya kuzuia mkono usiteleze, na kuuvuta nyuma.

Zamani hizo maganda ya risasi yalikuwa ya karatasi, na karatasi ikipata unyevu huvimba. Mtu aliyekwamiwa na risasi iliyovimba, asipoweza kuuvuta mtutu kwa mikono, aliweza kushawishika kusimamisha kitako chini na kuusukuma mtutu kwa nguvu kuelekea ardhini, mdomo wa bunduki ukimwelekea yeye mwenyewe. Kama risasi ililia, hapakuwa na wa kulaumu tena. Watu wakaipa bunduki hiyo jina la kuacha wajane. Tena ndani yake mlikuwa na vikingio laini vya kupunguza kishindo. Vikichakaa bila ya kubadilishwa, kitako cha mti kilipasuka. Winchester iliacha kuiunda mwaka 1925.

Mwaka uliofuata, 1926, Browning alifariki huko huko Ubelgiji, kiwandani Herstal. Bunduki yake iliendelea kuundwa, kwanza Ubelgiji na baadaye Japani, hata miaka ya mwisho ya karne ya 20.

Jambo jingine lilitokea mwaka 1935, nalo lawahusu ndege kuliko watu. Mabata ya mwitu yalikuwa yamepungua sana Marekani kwa ukame na kwa kuwindwa mno. Serikali ya nchi hiyo iliamuru kwamba awindaye ndege wanaohama kwa bunduki ya marisawa asiwe na risasi zaidi ya 3 ndani yake. Bunduki ya Browning ilichukua 5. Basi wawindaji wakatia kigingi cha mti ndani ya bomba ili nafasi ipungue. Sheria hiyo ingalipo, na mwenye kuisafisha bunduki yake akasahau kurudisha kigingi huweza kujikuta mbele ya hakimu.

Baada ya Vita Kuu ya pili ilitokea njia nyingine. Mtutu ulikazwa usiteleze tena; badala yake ulitobolewa tundu dogo, na hewa ya moto ya baruti ikapita humo kusukuma pistoni irudishayo komeo. Bunduki za namna hiyo zilianza kuuzwa Marekani katikati ya miaka ya 1950, na ile ya Remington ya mwaka 1963, iitwayo 1100, ilipendwa sana kwa upole wa teke lake. Lakini hewa ile hubeba masizi. Masizi hukauka juu ya pistoni na kuziba vitundu, na bunduki iliyokuwa ikifanya kazi vema huanza kukwama. Dawa yake ni kuifungua na kuisugua, na hapana dawa nyingine.

Waitalia walichukua njia ya tatu. Kampuni ya Benelli iliyoanzishwa Urbino mwaka 1967 ilitumia uvumbuzi wa Bruno Civolani. Hapa mtutu hautelezi, wala hewa haitolewi. Komeo lina sehemu mbili, na kati yake pana springi fupi ngumu. Bunduki irudipo nyuma kwa teke, sehemu nzito ya komeo hubaki mahali pake kwa uzito wake, springi hubanwa, kisha hufyatuka na kulirusha komeo nyuma. Masizi hayaingii mtamboni sana, kwa hiyo usafi wake ni rahisi. Ila bunduki hiyo yataka bega imara na risasi yenye nguvu ya kutosha. Tena komeo lake liachiliwe lijifunge kwa kishindo. Likisindikizwa polepole kwa mkono huweza kubaki halikufunga sawasawa, na kifyatuo kikivutwa risasi isilie.

Uvumbuzi haulindwi na hati milele. Muda ukiisha, kila fundi aweza kuutumia, na hapo ndipo Waturuki wanapoingia katika habari yetu. Katika wilaya ya Beyşehir, mkoa wa Konya, kuna miji miwili, Huğlu na Üzümlü, ambayo watu wake wengi huishi kwa kuunda bunduki za kuwindia. Mafundi wa Huğlu walifanya kazi hiyo majumbani tangu siku za Vita Kuu ya kwanza, na mwaka 1962 wakajiunga katika chama cha ushirika. Viwanda vingine viko Istanbul na Izmir. Makampuni ya Marekani huagiza bunduki huko na kuziuza kwa majina yao wenyewe. Nyingine hutumia hewa ya baruti, nyingine njia ya Benelli. Na bei yake mara nyingi ni ndogo sana kuliko ya bunduki ya Kiitalia inayofanana nayo.

Je, unafuu huo hutoka wapi? Sehemu yatokana na ujira wa mafundi, na sehemu yatokana na kazi iliyoachwa bila kumalizwa: kingo zisizosuguliwa, springi ambazo bado ni ngumu, mti wa kawaida. Kazi hiyo haikupotea, imeachiwa mnunuzi. Yampasa kwanza ahakikishe kwamba haina risasi, mtutuni wala bombani. Kisha aifungue yote, aifute ile grisi nzito iliyopakwa ili isishike kutu safarini, apake mafuta mepesi kidogo, na aanze kwa risasi zenye nguvu mpaka vyuma vizoeane. Wengi hawafanyi hivyo. Huichukua dukani leo, kesho wako ziwani na risasi nyepesi za bei ya chini, na ikikwama huwatukana Waturuki. Pia kuna springi ambayo mara nyingi hufichwa ndani ya kitako, mahali ambapo maji ya mvua hupenya polepole. Wakaao pwani wajua jinsi chumvi ilavyo chuma. Mwindaji wa mabata aisafishaye bunduki yake kila jioni kwa nje tu aweza kupita miaka 10 asiione springi hiyo, mpaka siku komeo lisiporudi mbele.

Bunduki moja ya Kituruki iliyouzwa na kampuni ya Weatherby tangu mwaka 2008, jina lake SA-08, ilikuja na pistoni mbili ndani ya kasha. Moja ni ya risasi nyepesi, nyingine ya risasi nzito. Mwenyewe hufungua mti wa mbele, akaitoa moja na kuiweka nyingine, kulingana na kile anachokwenda kuwinda asubuhi ile.