Mrija mdogo uliowashinda madaktari wakubwa

Ndugu zangu mliomaliza na mnaoendelea na masomo, leo sitaongea juu ya mihogo wala mpunga. Nataka niwaelezee historia ya mrija mmoja mdogo, ule unaotoa nyongo kwenye ini na kuipeleka kwenye utumbo. Mtaniuliza: mtu wa kilimo anatafuta nini ndani ya ini la watu? Sababu iko hivi.

Miaka michache iliyopita, mjomba wangu pale Kilembwe macho yalimgeuka manjano kama embe lililoiva, tumbo likajaa maji. Tukamteremsha mpaka Baraka kwa ile barabara mnayoijua. Daktari akatuambia ini limekwisha kuharibika, na kwamba kuna nchi ambako wanapandikiza ini la mtu mwingine. Jioni ile familia ikakaa. Wengine wakasema ni sumu, wakaanza hata kutaja jina la jirani. Mjomba mwenyewe akanigeukia: "Mwipwa wangu, weye njo uko na lisansi. Wakinipandikiza ini, nitapona?"

Nilinyamaza. Alifariki kabla hata pesa ya pasipoti haijapatikana. Swali lake likabaki kwangu, na nikaanza kusoma.

Kazi hii ilianzia Denver, Marekani. Tarehe 1 Machi 1963, daktari Thomas Starzl alijaribu kupandikiza ini kwa mtoto wa miaka 3 aliyezaliwa na njia za nyongo zilizoziba. Mtoto alitoka damu nyingi, akafia palepale mezani. Wagonjwa waliofuata hawakumaliza hata mwezi mmoja. Starzl alisimamisha kazi, akarudi kujifunza, kisha mwaka 1967 akafaulu: mtoto mmoja aliishi zaidi ya mwaka na ini la mwingine. Mwaka 1968, daktari Roy Calne akaanza kazi hiyohiyo Cambridge, Uingereza.

Wengi wanafikiri shida kubwa ilikuwa mwili kulikataa ini geni. Shida hiyo ilikuwepo kweli, na dawa ya siklosporini ilikuja kuipunguza sana kuanzia mwisho wa miaka ya 1970. Lakini kulikuwa na shida ingine, ndogo kwa macho. Mshipa wa damu ukishashonwa vizuri, mara nyingi unashika. Mrija wa nyongo ukishonwa, unaweza kuvuja siku za kwanza, au kubana baada ya miezi. Nyongo ikivuja inachoma tumbo. Ikikosa njia, inarudi nyuma, inaleta vijidudu, na ini jipya linaharibika kama lile la kwanza. Miaka ya 1970, karibu mgonjwa mmoja kwa watatu alipata shida hiyo, na wengi waliipata wakafa. Calne aliufananisha mrija huu na kisigino cha Achilles, yule askari wa hadithi za Wagiriki ambaye mwili wake wote haukuchomeka mkuki, isipokuwa kisigino.

Kwa nini mrija, na si kitu kingine? Hapa njo mtu wa kilimo nilielewa haraka. Wazia shamba la mpunga lenye mifereji miwili ya maji. Mmoja ukiziba, mpunga unaweza kuishi kwa ule mwingine. Ini liko hivyo: linapata damu kwa ateri yake, na pia kwa mshipa mkubwa unaotoka kwenye utumbo. Lakini mrija wa nyongo ni kama kitalu kilicho pembeni, kinachonyweshwa na mfereji mmoja tu, yaani ateri. Ateri ikiziba baada ya upasuaji, chembe za ini zinaweza kuvumilia, huku mrija unakauka. Madaktari walichelewa kuligundua hilo.

Kuanzia hapo swali lilibadilika. Zamani waliuliza: mgonjwa amepata shida, tufanye nini? Sasa wakaanza kuuliza: nani atapata shida, na tutajuaje mapema? Kila hospitali ilipitia madaftari yake, mgonjwa kwa mgonjwa, na alama zikaanza kuonekana. Ya kwanza ni ateri: ikiziba, mrija uko hatarini, ndiyo maana siku za kwanza wanaipima kila mara kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Ya pili ni muda ambao ini lilikaa kwenye baridi bila damu. Mwaka 1987, katika chuo kikuu cha Wisconsin, Folkert Belzer na James Southard walitoa maji maalumu ya kuhifadhia viungo, na ini likaweza kusafiri saa nyingi zaidi. Lakini kadiri saa zinavyoongezeka, mrija unaumia. Ya tatu ni vile mtoaji alivyofariki: kama moyo wake ulisimama kwanza, mrija ulikosa damu ukiwa bado na joto, na hatari inapanda. Umri wa mtoaji nao unahesabiwa.

Na kama mtoaji ni mtu mzima aliye hai? Njia hiyo inatuhusu sisi, maana India, ambako wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki wanakwenda, maini mengi yanatoka kwa ndugu aliye hai. Mwaka 1996, Fan Sheung-tat na wenzake kule Hong Kong walionyesha kwamba mtu mzima anaweza kumpa mtu mzima mwenzake upande mkubwa wa kulia wa ini. Ini linaota tena kwa wote wawili. Lakini mirija ya kipande hicho ni myembamba, mara ingine ni miwili au mitatu, na kila kiungo kinachoshonwa ni mahali pengine panapoweza kuvuja. Kwa hiyo shida za mrija kwa njia hiyo ni nyingi zaidi.

Siku hizi kubashiri kumeendelea. Ini linawekwa kwenye mashine inayopitisha maji yenye oksijeni kabla ya kupandikizwa. Mwaka 2021, watafiti wakiongozwa na Waholanzi walitoa matokeo ya wagonjwa 156 waliopewa maini ya watu ambao moyo ulisimama kwanza. Waliotumia baridi ya kawaida, 18 kwa mia walipata kubana kwa mirija kulikoleta dalili. Waliotumia mashine, 6 kwa mia. Hospitali zingine zinapima hata nyongo yenyewe ini likiwa mashinani: ikiwa na asidi nyingi, mrija unashukiwa.

Basi mjomba ningemjibu nini leo? Ningemwambia: "Mjomba, hakuna anayeweza kuapa. Lakini tutawauliza mambo matatu: ateri yako iko namna gani, ini litakaa saa ngapi bila damu, na mirija ya mtoaji ni mingapi." Hilo si jibu la nabii, ila lingempa kitu cha kushika.

Kwetu, kitu cha kushika kilikuwa jina la jirani. Watoto wake mpaka leo hawapiti mbele ya nyumba yetu, na hakuna aliyewahi kuonyesha sumu yoyote. Mahali pasipo na daftari, mtu akifa hatuulizi ni nini kiliharibika. Tunauliza ni nani. Starzl naye alipoteza mtoto mezani mbele ya wenzake. Tofauti ni kwamba aliandika kifo kile wazi, na wengine wakajifunza kwacho.

Mimi sitapandikiza ini la mtu. Napandikiza michungwa juu ya mashina ya milimau. Zamani kipandikizi kikikauka nilikuwa nakitupa na kusema ni jicho la watu. Sasa niko na daftari: tarehe, saa niliyokata, umri wa shina, mvua. Vilivyokufa ndivyo ninavyoviandika kwanza.

Na siku moja nitakwenda kwa yule jirani, nimwambie kwamba nilisoma.