Montpellier: Chuo Kilichojengwa na Wafasiri

Vyuo vikuu vikongwe vya Ulaya husimuliwa mara nyingi kana kwamba vilichipuka katika Kilatini na kukomaa humo humo bila ya kukopa. Historia ya Montpellier, mji wa kusini mwa Ufaransa ulio kiasi cha kilomita 10 kutoka Bahari ya Mediterania, hairuhusu masimulizi hayo. Chuo chake cha utabibu kilisimama juu ya tafsiri, na habari za wafasiri hao ndizo tunazokusudia kuzieleza hapa.

Mji wenyewe ni mchangamfu. Uwanja wa Comédie, ambao wenyeji huuita “Yai” kwa umbo lake, hujaa wanafunzi hadi usiku. Ukipanda vichochoro kuelekea kanisa kuu la Mtakatifu Petro, utalikuta jengo la kihistoria la Kitivo cha Utabibu ubavuni mwa kanisa, katika iliyokuwa nyumba ya watawa iliyoanzishwa mwaka 1364. Mlangoni zimesimama sanamu mbili za shaba: Lapeyronie, mpasuaji, na Barthez, tabibu, mabingwa wa karne ya 18. Hatuna ugomvi na mabwana hao, ila walikuja mwishoni mwa hadithi ndefu.

Mnamo Januari 1181 mtawala wa mji, Guilhem VIII, alitoa idhini kwamba mtu yeyote, atokako kokote, aweza kufungua darasa la utabibu hapo. Idhini hiyo ilikuwa pana kupita kiasi, na mwaka 1220 Kardinali Conrad, mjumbe wa Papa, aliibana: tangu hapo hakufundisha mtu ila aliyepimwa na walimu mbele ya askofu. Mwaka 1289 Papa Nicholas IV akakitambua rasmi chuo kizima.

Lakini sheria peke yake haifundishi, vitabu vyahitajika. Vilivyo bora vya utabibu katika zama hizo vilikuwa katika Kiarabu. Waliovileta karibu na Montpellier walikuwa Wayahudi waliokimbia mateso ya Waalmohadi katika Andalusia. Judah ibn Tibbon alitoka Granada, akahamia Lunel, mji mdogo jirani. Kwake Kiarabu kilikuwa lugha ya elimu. Kwa majirani zake wapya hakikusomeka. Basi akafasiri kwa Kiebrania, na kazi hiyo ikawa ya ukoo. Mjukuu wake, Moses, alikigeuza kwa Kiebrania kitabu cha Ibn Rushd kinachofafanua shairi la utabibu la Ibn Sina. Mwaka 1284 Armengaud Blaise, tabibu Mkristo, akakitia kitabu hicho hicho katika Kilatini. Wasomaji wa tenzi hawatastaajabu kusikia kwamba utabibu ulifungwa katika beti ili ukae kichwani.

Mfano unaotufunza zaidi ni wa mwaka 1290. Jacob ben Makhir, wa ukoo huo huo wa Ibn Tibbon, alikuwa ameandika kwa Kiebrania juu ya chombo cha robo duara cha kupimia nyota. Armengaud alikifasiri kitabu hicho mjini Montpellier, na nakala za Kilatini zasema kwamba alifanya hivyo kwa kuifuata sauti ya mwandishi mwenyewe. Watu wawili, basi, waliketi pamoja, mmoja akisema na mwingine akiandika. Walisemezana kwa lugha gani? Kwa maoni yangu yumkini ni Kioksitani, lugha ya sokoni, ambayo mji uliiandikia tarehe zake katika kitabu kiitwacho Petit Thalamus. Lugha hiyo haikupata kiti darasani, ingawa huenda ndiyo iliyokuwa daraja. Wale wanaodai kwamba lugha ya nyumbani haiwezi kubeba sayansi yawapasa kulifikiri jambo hili kabla ya kutoa hukumu.

Mwaka 1306 Mfalme Philip IV aliwafukuza Wayahudi wote katika ufalme wake. Sehemu kubwa ya Montpellier ilikuwa bado chini ya mfalme wa Majorca, lakini huko nako walifukuzwa. Miaka 3 baadaye, mwaka 1309, Papa Clement V alitaja vitabu ambavyo kila mtahiniwa wa utabibu hapo alipaswa kuvijua. Humo mlikuwamo vya Galen, vya Ibn Sina, vya al-Razi, vya Isaac Israeli aliyekuwa Myahudi, na vya Constantine Mwafrika, mfasiri aliyetoka Tunisia ya leo. Vitabu vilikuwa vya lazima. Jamaa za wafasiri hawakuruhusiwa kukaa mjini. Sisi tusemao “tabibu”, “dawa” na “homa” tulichota katika kisima hicho hicho cha Kiarabu, ila kwa njia ya bahari nyingine.

Jina la Jacob lilisafiri kwa Kilatini kama Prophatius, na Copernicus alimtaja katika kitabu chake cha mwaka 1543. Mjini penyewe, katika kichochoro cha Barralerie, ngazi za mawe hushuka chini ya nyumba hadi kwenye hodhi ya udhu ya Wayahudi wa zama hizo, iliyokarabatiwa mwaka 1985. Kutoka hapo hadi kwenye zile sanamu mbili ni mwendo mfupi wa miguu.